Habari za Kangaga Linukialo

Kila mwaka gazeti letu hutuletea habari za mpira, za michezo ya kuigiza na za wenzetu walioshinda mitihani. Mimi ni mwanafunzi wa zamani, wala sina habari za ushindi wo wote. Nina habari za mmea mmoja usiochanua maua, na naomba mnivumilie mpaka mwisho, maana naona zafaa kujulikana kwa vijana mlio darasani na kwa wazee wenzangu pia.

Mmea huo ni kangaga. Wengi wetu twalijua kwa sura tu, kwa kuliona kando ya vijito na chini ya miti mikubwa. Jani lake changa hutoka likiwa limejikunja kama mkia wa kinyonga, kisha hukunjuka polepole. Halina ua, halina tunda, wala halina mbegu. Duniani yako makangaga ya namna 10,000 na zaidi, na karibu yote hayana harufu ya kumfanya mtu asimame. Lakini yako machache yanukiayo, na habari zangu ni za hayo machache.

Nilianza kuyatafuta kwa sababu ya kaka yangu. Yeye alisoma shuleni kwetu kabla yangu, kisha akawa mwalimu wa jiografia kwa miaka mingi. Macho yake yaliharibiwa na glakoma, ugonjwa ambao watu wengi huuita presha ya macho. Ugonjwa huu huja kimya kimya. Mara nyingi hauumi, nao humnyang'anya mtu kwanza uwezo wa kuona vitu vya pembeni, hata yeye mwenyewe asitambue. Na uoni uliokwisha potea haurudi tena, si kwa dawa wala kwa kupasuliwa. Daktari huweza kulinda kile kilichobaki tu, ikiwa mgonjwa amewahi. Kaka alipofika kwa daktari, kilichobaki kilikuwa kidogo sana, na baada ya miaka mitatu hata hicho kikaisha. Kwa hiyo, ninyi nyote mliotimiza miaka arobaini, na hasa mlio na mzazi au ndugu mwenye ugonjwa huu, nendeni mkapimwe macho hata kama mwaona vizuri.

Kaka alikuwa mtu wa bustani. Baada ya kupofuka aliacha kutoka nje. Kwetu mtu asiyeona huketishwa barazani, akaletewa maji, akaletewa chakula, akaambiwa, "Wewe kaa tu." Jambo hili hufanywa kwa upendo, na hakuna aliyeona ubaya wake. Lakini siku moja aliniambia, "Mdogo wangu, mmenigeuza kiti. Watu hupita, hunipangusa vumbi, huenda zao."

Maneno hayo yalinichoma. Nikamwuliza, "Kaka, wataka nini?" Akasema anataka kwenda peke yake toka mlango wa jikoni mpaka kwenye bomba la maji lililo mwisho wa bustani, akanawe na kurudi, bila mtoto wa kumshika mkono. Ni hatua kama arobaini, na njia ina kona mbili. Tulifunga kamba toka nguzo hata nguzo. Kaka aliishika siku ya kwanza, akaiachia. "Kamba ni ya mbuzi," alisema.

Ndipo nilipofikiri juu ya harufu. Tulikuwa na asmini karibu na dirisha, lakini asmini ikichanua usiku, harufu yake huenea ua wote. Haimwambii mtu kama yu karibu nayo au yu mbali. Waridi lina miiba. Mchaichai niliupanda kwenye kona ya kwanza, nao ulifaa kiasi, maana haunukii sana mpaka uguswe. Hata hivyo makali ya majani yake hukata vidole, na hautaki kivuli. Njia yetu, baada ya kona hiyo, hupita chini ya mwembe na mfenesi, mahali ambapo jua haliingii ila vipande vipande. Nilihitaji mmea wa kivuli, usio na miiba, wa kijani mwaka mzima, na ambao hunyamaza mpaka mkono uufikie. Nilipolieleza jambo hili kwa mwalimu mmoja wa elimu ya mimea, alijibu kwa neno moja: kangaga.

Nilicheka, maana sikuwahi kusikia kangaga linanukia. Kumbe hata watengenezaji wa manukato walilitumia jina lake tu. Mwaka 1882 nyumba ya Houbigant ya mjini Paris ilitoa manukato yaliyoitwa Fougère Royale, maana yake Kangaga la Kifalme, kazi ya fundi Paul Parquet. Tangu hapo manukato mengi ya wanaume duniani huhesabiwa katika jamii ya fougère, yaani jamii ya kangaga, ingawa hayakukamuliwa katika kangaga lo lote. Kitu kimoja kilichotiwa ndani yake ni kumarini, chenye harufu tamu kama ya nyasi zilizokatwa na kuanikwa juani. Kumarini hiyo ilikwisha tengenezwa maabarani na Mwingereza William Henry Perkin mwaka 1868. Na ajabu ni hii: kumarini imo kweli katika baadhi ya makangaga yanukiayo. Basi jina la Kangaga la Kifalme halikuwa uongo mtupu.

Nilipozidi kusoma nilikuta kwamba kila upande wa dunia una kangaga lake linukialo. Kwenye miteremko yenye unyevu huko Uingereza na Uskoti liko moja, Oreopteris limbosperma, ambalo ukilipapasa hutoa harufu ya limau. Upande wa mashariki wa Marekani liko Dennstaedtia punctilobula, lenye harufu ya nyasi kavu. Hilo hutambaa kwa nguvu sana, na kwa kuwa paa hawapendi kulila, katika misitu ya Pennsylvania limetandaza zulia zito hata miche ya miti hushindwa kuota. Katika nchi za kaskazini zenye theluji, kwenye nyufa za majabali, huota Dryopteris fragrans, kangaga dogo lenye vifuko vidogo vya harufu juu ya majani yake. Na huko New Zealand Wamaori walilitumia kangaga waliitalo mokimoki kutia mafuta harufu nzuri.

Nilisoma habari hizo kwa wivu. Makangaga ya nchi za baridi yamezoea majira ya baridi kali. Ukiyaleta karibu na Ziwa Nyanza, ambako joto ni moja mwaka mzima, huyatendei haki. Lakini mwalimu yule aliniambia, "Usitazame mbali. La kwetu lipo." Nalo ni Microsorum scolopendria, ambalo vitabu vingine huliita Phymatosorus scolopendria. Kangaga hili huota lenyewe toka Afrika Magharibi mpaka pwani ya Afrika Mashariki, na Bukini, na visiwa vya Bahari ya Hindi, likashike njia mpaka Asia na Bahari ya Pasifiki. Huota juu ya magome ya miti, juu ya mawe, na hata katika mchanga wa pwani. Jani lake ni gumu kidogo, linang'aa, limechanika vidole vidole kama mkono uliokunjuliwa. Shina lake halisimami. Hutambaa juu ya mawe kama kamba ya kijani.

Jani bichi likisuguliwa kwa vidole hutoa harufu hafifu na tamu. Likikauka harufu huzidi. Sababu yake yafaa wanafunzi wa sayansi waijue. Katika mimea mingi yenye kumarini, jani lililo hai halina kumarini iliyo huru. Huiweka ikiwa imefungwa pamoja na sukari, katika hali isiyo na harufu. Jani likiumizwa au likikauka, kifungo hicho hukatika, na kumarini hutoka. Ndiyo maana nyasi zilizosimama hazinukii kama zilizofyekwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kangaga hili halijiuzi wala halijitembezi. Hungoja mwenye kulishika.

Sasa niwaeleze nilivyolipanda, ili atakaye naye apande.

Kwanza, sikwenda msituni kung'oa. Nilikwenda kwa wauza miche walio kandokando ya barabara, nikatafuta mpaka nikalipata, vyungu vitatu. Mwenye kuuza hakujua kwamba linanukia. Aliliuza kwa ajili ya kijani chake tu. Nililisugua jani moja mbele yake, akanusa, akanusa tena, akaniambia kwamba kama angalijua mapema angalipandisha bei.

Pili, nilijenga ukingo wa mawe kando ya njia, chini ya ile miti miwili, kimo chake nyonga ya mtu mzima. Kwa kuwa kangaga hili hupenda mawe, ukingo ulilifaa. Na kwa kuwa mkono wa mtu atembeaye huning'inia kwenye nyonga, ukingo ulimfaa kaka. Katika nyufa nilitia majani yaliyooza, mchanga wa chengachenga, na vipande vya makaa ili maji yasituame. Nililikata shina katika vipande, kila kipande kikiwa na majani mawili matatu na mizizi yake. Tena hapa pana jambo la kuangalia: shina lisizikwe. Ukilifukia katika udongo wenye maji, huoza. Nililiweka juu ya mawe na kulifunga kwa kamba za mgomba, ambazo huoza zenyewe wakati mizizi imekwisha shika.

Tatu, nilipanda mwanzo wa mvua za Machi, nikanyunyiza maji asubuhi siku ambazo mvua haikunyesha. Mbolea kali sikutia. Baada ya miezi mitatu mikia ya kinyonga ilianza kutokeza, na mwaka wa pili mawe yalikuwa hayaonekani.

Jirani yetu mmoja, mtu mwema sana, alikuja siku moja na pampu ya dawa mgongoni. Alikuwa ameona vidoa vya rangi ya kahawia chini ya majani, akadhani ni wadudu. Nilimshukuru, nikamzuia. Vidoa vile ni vituta vya spora, na spora ni vumbi ambalo kangaga huzalia badala ya mbegu. Namna ya kupambanua ni rahisi: vituta hupangwa kwa safu, sawasawa pande mbili za mshipa wa jani, wadudu wa magamba hukaa ovyo, na ukimkwangua mmoja kwa ukucha hubanduka.

Na vituta hivyo ndivyo vilivyonipa jambo nisilolitazamia. Katika kangaga hili kila kituta kilicho chini ya jani husukuma juu, hata upande wa juu wa jani huwa na nundu ndogo ndogo, safu kwa safu. Mimi niliziona kwa macho na sikuzifikiri. Kaka alizipata kwa vidole. Alikuwa amesimama kwenye ukingo, peke yake, jani mkononi, kimya kwa muda mrefu, mpaka nikaogopa kwamba amepotea njia. Nikamwita, "Kaka, kuna nini?"

Akajibu, "Ngoja. Hapa pameandikwa."

Imewapasa kujua kwamba tangu mwaka uliotangulia mwalimu mmoja alikuwa akija kumfundisha kusoma nukta nundu, yale maandishi ya nukta sita ambayo Mfaransa Louis Braille, aliyekuwa kipofu mwenyewe, aliyatangaza mwaka 1829. Kaka alikuwa amekataa. Alisema vidole vya mtu wa miaka sitini ni vya kushika jembe, si vya kusoma. Siku ile alilileta jani lile mpaka barazani, akaniwekea kidole changu juu yake, akaniambia nifumbe macho na nihesabu nundu za safu moja. Nilihesabu nikapotea. Yeye alihesabu mpaka mwisho wa kila kidole cha jani. Sikumwambia neno juu ya mwalimu. Juma lililofuata yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Yule mwalimu wa nukta bado yuko?"

Leo husoma, ingawa si upesi. Na kila asubuhi huenda bombani na kurudi. Mchaichai humwambia kona ya kwanza. Kangaga humchukua chini ya miti. Mahali linapokoma, anajua bomba liko hatua tatu mbele yake. Majani yaliyokauka huyaokota na kuyatia katika sanduku la nguo zake, na siku ya sikukuu akipita, watoto humwuliza amejipaka manukato gani.

Nina neno kwa wanafunzi ambao hawana bustani wala fedha ya kununua chungu. Kangaga laweza kuoteshwa katika gudulia la kioo. Chukua jani lenye vituta vilivyoiva, lifunge ndani ya karatasi nyeupe kwa siku mbili. Utakuta unga laini umeanguka. Mwagia udongo maji yanayochemka ili kuua kuvu na mbegu nyingine, uuache upoe, kisha unyunyize unga juu yake bila kuufukia. Funika gudulia, uliweke mahali penye mwanga lakini si juani. Baada ya majuma kadhaa utaona utando wa kijani, na ndani yake vijani vidogo vyenye umbo la moyo, visivyofanana na kangaga hata kidogo. Juu ya vijani hivyo ndipo chembe za kiume huogelea katika maji mpaka kwenye yai, kisha kangaga lenyewe huanza. Kwa hiyo nyunyiza maji kidogo, la sivyo hutapata kitu. Zamani watu wa Ulaya, kwa kutoziona mbegu zake, walisadiki kwamba kangaga lina mbegu zisizoonekana, na kwamba azipataye naye haonekani. Mjerumani Wilhelm Hofmeister ndiye aliyeeleza vizuri mpango huu wa vizazi viwili vinavyopokezana, katika kitabu chake cha mwaka 1851.

Gudulia lililofungwa nalo lina historia yake. Mnamo mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, ambaye makangaga yake yaliuawa na moshi wa mji, aliweka bundo la mdudu ndani ya chupa yenye udongo ili aone nondo akitoka. Badala yake akaona kangaga limeota humo, likanywa maji yale yale yaliyopanda kuwa mvuke na kurudi kuwa matone. Kutokana na chupa ile yalitengenezwa masanduku ya kioo yaliyosafirisha miche baharini. Miche ya chai aliyoitoa Robert Fortune China na kuipeleka India ilisafiri ndani yake.

Lakini masanduku hayo yalileta na hasara. Waingereza walishikwa na wazimu wa makangaga, hata mwandishi Charles Kingsley akaupa wazimu huo jina mwaka 1855. Watu walipanda treni kwenda mashambani na majembe, wakang'oa, wakauza. Kangaga la Killarney, ambalo huota katika mapango yenye unyevu na maporomoko ya maji, lilichimbwa mpaka likakaribia kutoweka katika sehemu nyingi, na leo linalindwa kwa sheria. Sisi tuna makangaga makubwa kama minazi, ya jamii ya Cyathea, katika misitu ya Rwenzori na Bwindi. Hayo yamo katika orodha ya mapatano ya CITES ya mwaka 1973, nayo hayasafirishwi kuvuka mpaka bila kibali. Basi asije mtu akasema kwamba alisoma habari zangu, akachukua panga akaenda msituni. Kangaga la msituni lina kazi yake kule kule. Nunua la bustani, omba kipande, au otesha spora.

Nimemaliza, wasomaji wapenzi. Nimesikia kwamba shuleni kwetu siku hizi wapo wanafunzi wawili wasioona, na kwamba njia itokayo bwenini kwenda chumba cha kulia hupita chini ya miti mikubwa. Mawe yapo, kivuli kipo, vijana wenye nguvu wapo. Mvua za Septemba zikianza nitamletea mhariri vipande ishirini vya shina, vimefungwa katika majani ya mgomba. Atakayejitolea kujenga ukingo na amwambie mapema, na asisahau kimo chake: nyonga ya mtu, wala si goti.